Ya Bluu na Ya Kijivu

"Hii ya kijivu ndiyo nzuri," Fundi alisema kwa mara ya nne, bila kumwangalia mkewe usoni.

"Nzuri kwa lipi?"

"Kwa kila kitu. Si umeona mwenyewe kwenye jedwali lako?"

Mkewe alikuwa ameliona. Tatizo lilikuwa hilo hasa.

Pikipiki mbili zilisimama bega kwa bega katikati ya duka, zikinukia mpira mpya. Zote za haibridi, petroli ikisaidiwa na betri. Kiwanda kimoja, injini moja, tangi moja, hata taa ya mbele ile ile. Ungezipaka rangi moja, mama yao mzazi angezichanganya. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye tai fupi isiyofika kitovuni, alikuwa ameshaeleza mara mbili kwamba ukisimama kwenye foleni injini hujizima yenyewe kuokoa mafuta. Ya bluu huamka ukibana klachi. Ya kijivu huamka ukizungusha mkono wa mafuta, maana yenyewe haina klachi kabisa. Ya bluu huenda mbali zaidi kwa lita moja. Ya kijivu, alisema akitabasamu, akina mama wanaojifunza kuendesha wanaipenda sana.

Alidhani anamfurahisha mteja. Hakujua amemchoma mtu kisu.

Kazini mwanamke huyu walimwita Bi Mizani. Alikuwa afisa manunuzi wa chuo, mwaka wa kumi na nne sasa, na hakuwahi kununua hata ndoo ya kudekia bila kulinganisha. Ugonjwa huo aliuleta hadi nyumbani. Pasi, godoro, dawa ya mbu, vyote vilipita kwenye daftari lake, safu ya kushoto na safu ya kulia, na kilichoshinda ndicho kilichonunuliwa. Fundi alikuwa akimtania kwamba siku ya kufa atadai aletewe majeneza mawili achague.

Jedwali la pikipiki lilining'inia kwenye mlango wa jokofu wiki tatu. Alikuwa amelijaza mwenyewe, na ya bluu ilishinda wazi. Halafu juzi asubuhi, akitafuta maziwa, akaona namba zimebadilishwa. Kilomita hamsini na tano za ya kijivu zimekuwa sitini na tano. Mstari wa spea umeongezewa alama. Na maandishi hayakuwa ya mumewe. Fundi alikuwa mashoto, mwenye herufi ndogo zilizosimama wima, zile zile alizokuwa akiandika kwa penseli nyuma ya vigae kabla ya kuvikata. Hizi zilikuwa kubwa, zimelala, zimeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliye kwenye nyumba ya watu.

Kuna mwanamke alisimama jikoni kwangu, Bi Mizani aliwaza. Akashika kalamu yangu. Akajichagulia pikipiki.

Asingefika huko kwa jedwali peke yake. Wiki moja kabla, Fundi akiwa bafuni, simu yake iliwaka mezani. Jina lilikuwa "Dada wa Saa Nne", na ujumbe ulikuwa mfupi: "Kesho saa nne usikose. Na mkeo umeshamwambia? Huwezi kumficha milele." Halafu kuna mambo ambayo hayaandikiki kwenye daftari. Miezi minne Fundi hakuwa amemgusa. Mtu aliyekuwa hawezi kupita jikoni bila kumshika kiuno, sasa akilala anampa mgongo, na akishikwa anajitoa polepole kama mtu anayetoa nguo kwenye mwiba.

Alimpigia dada yake, akalia kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Dada mtu akamwambia asiulize chochote, maana akiuliza atapewa hadithi nzuri ataiamini. Amwache achague pikipiki, ajionee mwenyewe. Chumba cha wageni kimeshatandikwa.

Begi lake la nguo lilikuwa chini ya meza ofisini tangu asubuhi. Mpango wake ulikuwa huo tu. Mumewe akichagua ya bluu, watasaini, watarudi nyumbani, na yeye atajifunza kusahau. Aking'ang'ania ya kijivu, yenye namba za yule mwanamke, ataondoka leo hii. Na alimpenda, hilo ndilo lililomuua. Kusimama kwake mbele ya vyuma viwili akimwomba Mungu mumewe ainyooshee kidole ya bluu kulimdhalilisha, na bado aliomba.

"Basi tuijaribu ya bluu," alisema. "Mara moja tu."

"Ya nini, wakati tumeshaamua?"

"Umeshaamua wewe. Mimi sijapanda hata moja."

"Mke wangu, tusimpotezee mtu muda."

Muuzaji akadakia kwamba muda anao wa kutosha, akaenda kuleta helmeti mbili. Fundi akamtazama muuzaji kwa jicho ambalo Bi Mizani hakulielewa mara moja. Ilikuwa hofu. Mtu aliyekuwa akining'inia ghorofa ya sita kubandika vigae vya kibaraza, leo anaiogopa pikipiki.

Anaogopa nitaipenda ya bluu, aliwaza, na roho ikazidi kumuuma.

Wakaisukuma mpaka nje. Fundi alipanda, akakaa kitambo akitazama hendeli, kisha akaivuta klachi kwa bega zima. Pikipiki ikaruka kidogo, ikakohoa, ikaenda. Bi Mizani alikuwa nyuma, ameshika kiti badala ya kumshika yeye. Njia nzima ilikuwa mita mia tatu hadi kituo cha mafuta, ugeuke, urudi.

Hawakufika. Kwenye makutano walikuta lori mbele, wakasimama, na injini ikajizima yenyewe kama walivyoambiwa. Lori likaondoka. Wao hawakuondoka.

Gari la nyuma likapiga honi.

"Twende basi," Bi Mizani alisema.

Fundi aliinamia hendeli. Honi ya pili, ya tatu. Bi Mizani akachungulia juu ya bega lake. Mumewe alikuwa ameachia mkono wa mafuta. Alikuwa ameuleta mkono wa kulia upande wa kushoto, na kwa mkono huo alikuwa akivichukua vidole vya kushoto, kimoja kimoja, na kuvipanga juu ya klachi. Anakipanga kimoja, cha kwanza kinateleza. Anakirudisha. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Akavipata vyote vinne, akavibana kwa mkono wa kulia, injini ikaamka. Akaingiza gia, akaurudisha mkono wa kulia haraka kwenye mafuta, na pale pale vidole vikaachia. Pikipiki ikaruka mbele, ikazimika, ikalala ubavu. Wote wawili wakaenda chini nayo.

Muuzaji alikuja mbio kutoka dukani akaiinua pikipiki kwanza, akaikagua rangi, ndipo akakumbuka kuuliza kama kuna mtu ameumia. Akaikokota ya bluu kurudi dukani, akawaacha wamekaa kwenye ukingo wa barabara, Bi Mizani na goti lililochubuka, Fundi ameukumbatia mkono wake wa kushoto kifuani.

"Mkono una nini?"

"Umeteguka hapa tulipoanguka."

"Usinidanganye. Nimeona kabla hatujaanguka."

Fundi alijibu akitazama lami.

"Umekufa ganzi. Kuanzia hapa kwenye kiwiko kwenda chini. Miaka kumi na minane nimeshika grenda la kukatia vigae, mtetemeko umekula mishipa. Ulianza kwa kuwasha, nikadhani ni saruji. Sasa nikishika kitu sijui kama nimekishika."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Na kazi?"

"Hawanipi vigae tena. Nilivunja vya chumba kizima, msimamizi akanionea huruma." Akaukumbatia mkono zaidi. "Nafagia, mke wangu. Asubuhi natoka na begi la vifaa ili uone nimetoka na begi la vifaa. Nikifika nafagia."

Bi Mizani alitaka kulia, lakini kuna jambo lilikuwa limemkaa kooni wiki nzima, na lilitoka lenyewe.

"Dada wa Saa Nne ni nani?"

Fundi akashtuka. Kisha akatoa simu, akaiweka mapajani kwa mkewe. "Mpigie."

Akapiga, akaweka spika. Iliita mara mbili. Akapokea mama mtu mzima, sauti nzito, nyuma yake mlio wa mashine.

"Fundi, hebu niambie, vile vidole viwili vya mwisho vimekunjika leo? Ule mpira umeuminya?"

"Mimi ni mkewe," Bi Mizani alisema.

Mashine ikazimwa. "Ahaa. Afadhali. Mimi ni mama wa mazoezi ya viungo, hapa kliniki. Mwambie mumeo Jumanne saa nne nisimwone peke yake, aje na wewe. Nimechoka kumtunzia siri mtu mzima."

Akakata. Bi Mizani akabaki na simu mkononi. Wiki nzima mawazoni alikuwa ameshamjua yule mwanamke hadi mafuta anayojipaka, kumbe anamchukia mama wa watu anayeminyisha wagonjwa mipira.

"Na kwenye jedwali langu? Yale maandishi?"

"Ni mimi. Kwa mkono wa kulia. Nilikaa mezani saa nzima najifunza kuandika tano kama mtoto wa chekechea." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nilijua hununui kitu kilichoshindwa. Ya bluu ingeshinda, ungeileta nyumbani, na siku ya kwanza tu ungenijua."

"Ungeniambia."

"Ningeanzaje?"

"Kwa mdomo. Nimelala na mgongo wako miezi minne. Nilidhani umepata mwingine. Begi langu liko ofisini, Fundi. Leo nilikuwa nalala kwa dada."

Hapo ndipo Fundi alipomtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiisubiri.

"Nenda," alisema. "Sitakushika. Hata nikitaka kukushika siwezi."

"Unasema nini?"

"Nasema unachokijua. Mwaka wetu wa kwanza, tunapaka rangi kile chumba, ulinisimulia mwenyewe ukicheka. Kwamba tulikuwa wanaume wawili, mimi na yule mhasibu, ukatuandika kwenye daftari, yeye kushoto mimi kulia. Ukasema nilimshinda kwa mikono. Ukaishika hivi, ukasema hii ndiyo iliyokuleta." Akauinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia. "Sasa mmoja ndio huu. Yule bila shaka bado ana yote miwili. Wewe ni mtu wa kulinganisha, na mimi najua hesabu inavyotoka. Nilikuwa naiba siku tu."

Magari yalipita. Bi Mizani aliikumbuka siku ile vizuri, rangi ya maziwa kwenye nywele zake, na jinsi alivyousema uongo ule kwa furaha, uongo mdogo wa kumpendeza mume mpya. Hakujua kwamba mtu ameubeba miaka kumi na moja kama cheti.

"Ulishindwa," alisema.

"Nini?"

"Kwenye lile jedwali. Hukushinda, ulishindwa. Mistari ilikuwa kumi. Yeye alichukua saba."

Fundi akamkodolea macho.

"Mikono ulishinda, hilo kweli. Na kuchekesha, na mama yangu kukupenda. Basi. Mengine yote yalikuwa ya yule. Nilikaa na ile karatasi siku mbili silali. Nikaandika nyingine, nikapunguza zake, nikaongeza zako, nikaiba waziwazi, kama ulivyoiba wewe juzi. Ukashindwa tena." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa na hakuyafuta. "Nikaichana. Nikaja kule kwenye jengo lenu, nikakukuta umechuchumaa kwenye vumbi, nikakuambia ndiyo. Ulikuwa hata hujaniuliza."

"Nilidhani ulikuwa unajibu kitu kingine."

"Nilikuwa najijibu mwenyewe. Hukuwahi kushinda, Fundi. Unaogopa kupoteza nini?"

Fundi akasema, polepole, kwamba madaktari wanasema huenda mkono usirudi. Kwamba kufagia nako hawatamvumilia sana. Kwamba hajui mtu wa miaka arobaini na mbili asiyejua kazi nyingine anaanzia wapi. Bi Mizani akasikiliza mpaka mwisho.

Akauchukua tu mkono wa kushoto, mzito, baridi kidogo, wenye vumbi la barabara, akauweka shavuni kwake na kuubana.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Mimi nasikia."

Muuzaji akarudi kwa miguu, akauliza kwa adabu kama wateja wake wameamua ya rangi gani. Bi Mizani akamwambia ya kijivu, aandae karatasi, wanakuja. Hawakuja mapema. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa begani kwa mkewe, pale pale ukingoni, akilia kwa sauti, na watu waliokuwa wakipita wakadhani analilia pikipiki.