Mlinzi wa Alhamisi

Mke wangu alinituma kazi ndogo tu: nikachukue makaratasi yaliyobaki kwenye chumba changu cha kazi, nimkabidhi mwenye nyumba funguo kabla giza halijaingia. Binti yetu aking'ang'ania kitu huwezi kumshinda, basi nikaenda naye. Ana miaka tisa, na tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna likizo.

Mimi ni mtunzi. Naandika vitabu vya majoka na ngome zisizokuwepo, na kutokana na vitabu hivyo nabuni michezo ya mezani. Usidhani ni bao au karata. Huu ni mchezo wa maneno, karatasi na dadu: kila mchezaji ana mhusika wake, na mimi msimulizi nawaambia wamefika wapi na nini kinawanyemelea. Kanuni ya kwanza niliiweka kwa sababu wachezaji wangu ni wabishi: msimulizi akisema, imekuwa.

Wachezaji wenyewe walikuwa wawili, Kasuku na shemeji yangu fundi saa, mdogo wake mke wangu. Kila Alhamisi jioni, chumbani humo. Shemeji alitengeneza saa za mji mzima lakini yeye hakuwahi kufika kwa wakati hata siku moja. Alikuwa akiingia ananukia mafuta ya saa, anasema, "Samahani, nimechelewa," kisha anaanza kunguruma kwa sauti nzito ya mhusika wake, Mlinzi. Kasuku alicheka mpaka akashika mbavu.

Asiyefika, mhusika wake huachwa akilinda mlango hadi atakaporudi. Ndivyo tulivyozoea, ili mchezo usikwame kwa ajili ya mtu mmoja.

Alhamisi ya mwisho shemeji alipiga simu. Kifua kinambana, alisema, atachelewa. Nikajua ni visingizio vyake vya siku zote. Nikakata simu kwa hasira, nikamtangazia Kasuku: "Mlinzi abaki mlangoni. Haingii mtu, hatoki mtu, mpaka bwana wake arudi."

Walimkuta asubuhi ameinamia meza yake ya kazi.

Kasuku tulimwambia mjomba amesafiri. Miezi minne ikapita hivyo. Safari yenyewe niliitunga mimi, na kila alipouliza niliiongezea kipande.

Basi tukapanda ngazi. Duka la vitambaa la chini lilikuwa limeshafungwa. Nikajaza sanduku, Kasuku akaokota dadu zilizoviringika chini ya meza. Nikashika kitasa.

Mlango haukufunguka.

Ufunguo ulizunguka vizuri, kitasa kilishuka vizuri. Lakini mlango... kana kwamba mtu ameuegemea kwa nje. Nikasukuma kwa bega. Nikapiga kelele. Dirisha lina nondo, simu niliiacha nyumbani ikichaji, na nje taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka.

Ndipo nikasikia harufu. Mafuta ya saa.

Nikainama. Taa ya korido ilipenyeza mwanga chini ya mlango, na katikati ya mwanga ule palikuwa na vivuli viwili. Miguu ya mtu aliyesimama wima.

"Nani?" nikanong'ona.

"Mlinzi."

Ile sauti nzito. Ya mezani.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kasuku wala hakushtuka.

"Baba," alinong'ona, "si wewe uliyemwambia? Hatoki mtu mpaka mjomba arudi. Kwani anarudi lini?"

Njia ya kutoka niliijua, maana kanuni yake niliiandika kwa mkono wangu. Mchezaji asiporudi tena, msimulizi atamke hivyo mbele ya wote, na karatasi ya mhusika ichanwe. Maneno matatu tu: bwana wako amekufa. Nikafungua mdomo. Kasuku alikuwa ananitazama, dadu mkononi, anasubiri aambiwe siku.

Nikashindwa. Na nisijipambe, nilishindwa kwa woga, si kwa huruma. Angeuliza mjomba alikufaje, na ningelazimika kumweleza habari ya ile simu.

Mtunzi hakosi hila. Nikatoa karatasi ya Mlinzi sandukuni, nikamwekea Kasuku mkononi.

"Mlinzi," nikasema, "bwana wako amerudi. Huyu hapa."

Vile vivuli vikasogea pembeni.

Kisha kitasa kikashuka chenyewe. Korido ilikuwa tupu. Nilimshika Kasuku mkono tukashuka mbio, huku nikicheka kama mwehu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ngazi thelathini na mitaa miwili, na mitaa yote hiyo Kasuku hakusema neno. Sikugundua.

Mke wangu alitufungulia mlango. Kasuku akamtazama usoni, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Samahani, dada," akasema. "Nimechelewa."

Bakuli lililokuwa mkononi mwa mke wangu likapasukia kizingitini.

Nilimpigia mtoto magoti, nikasema yote. Mjomba amekufa, mwanangu. Nilikudanganya. Harudi. Nikatafuta ile karatasi niichane. Haikuwa mkononi mwake wala sandukuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake viwili vikizungusha kitu kisichoonekana, kama mtu anayetia saa ufunguo.

"Lakini si umesema nimerudi, shemeji?" akauliza kwa upole. "Na msimulizi akisema, imekuwa."

"Kasuku yuko wapi?"

"Leo hayupo." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa mbele. "Analinda."

Nikaufungua kwa pupa. Hakukuwa na mtu. Nikaufunga, nikalala sakafuni, shavu kwenye saruji, nikachungulia chini yake.

Vivuli viwili. Vidogo.

Hii ni wiki ya tatu. Naufungua, hakuna mtu. Naufunga, vinarudi. Naongea naye hapo chini mpaka sauti inanikauka, namwomba msamaha, namwambia aingie ndani mama yake anamlilia. Mtoto aliyekuwa hanyamazi, sasa ananyamaza. Ananijibu swali moja tu.

"Nani?" namuuliza.

Naye, kwa sauti yake ndogo, akijitahidi kuifanya nzito:

"Mlinzi."