Alama Mbili kwa Mpagazi

Fundi Twalibu alitoka dukani kutafuta betri, jua limeshaegemea upande wa Urambo, naye amenuna kama mtu aliyesimama foleni ya sukari tangu alfajiri akaambiwa sukari ilikuwa ya jana.

Mwaka ule wa themanini na nne Tabora ilikosa sabuni, ikakosa mafuta ya taa, lakini haikukosa wajuzi. Twalibu alikuwa mjuzi wa michezo ya betri, ile midogo ya mkononi yenye kioo kama cha saa na vitufe viwili, iliyokuja na wanafunzi waliotoka Ulaya na mashemeji wa mabaharia. Ikiharibika inaletwa kwake, maana ndiye fundi saa. Ikipona anaicheza hadi mwisho, anaandika hukumu, inabandikwa kwenye ubao wa klabu ya mtaa: alama kati ya kumi. Miaka mitatu, hakuna mchezo uliovuka sita. Ule wa mpishi anayerusha mayai aliupa tatu, akaandika: "Mke wangu anakaanga vizuri zaidi, tena bila betri."

Kesho ni Ijumaa, siku ya hukumu, na hana mchezo. Betri zenyewe hana. Na Eustace, katibu wa klabu, alishamwambia: "Fundi, usipoleta kitu nabandika zamu za kufagia."

Kwenye barabara ya kuelekea Kwihara akakutana na bibi mmoja.

Alikuja polepole, amepinda mpaka kidevu kinatafuta magoti. Mkononi ana kifurushi cha kaniki, hakizidi kipande cha sabuni. Harufu ilimtangulia. Harufu ya pembe iliyoungua...

Sasa, Twalibu alilelewa. Kwao mtu akija na mzigo hupokelewa, hata kama mzigo ni gazeti. Tatu, mkewe, humlaki mlangoni kila jioni kwa neno moja, "Lete nikupokee," na binti yao Maua, mwenye miaka minne, ameshaanza kufundishwa.

"Shikamoo, bibi. Lete nikupokee."

Bibi akasimama. Akanong'ona: "Marahaba. Umesema mwenyewe?"

"Nimesema, bibi. Mzigo wenyewe huu?"

"Hujatumwa?"

"Sijatumwa."

Akampa.

Mgongo wa bibi ukaanza kunyooka. Ko... ko... ko... Pingili moja moja, kama mtu anavunja kuni kavu. Aliponyooka wote alikuwa amempita Twalibu kichwa kizima.

"Nikupelekee wapi, bibi?"

Alishakwenda, kwa hatua za msichana anayewahi ngoma.

Ndani ya kaniki mlikuwa na mchezo wa mkononi. Mpya machoni pake, hauna chapa. Twalibu akasahau bibi, akasahau harufu, akarudi dukani mbio. Ubao umepata kitu!

Katika kioo alikuwamo mtu mdogo mweusi, mzigo begani. Mpagazi. Kitufe cha kushoto anakwepa jiwe, cha kulia anaruka nyoka. Sauti moja tu: tip... tip... tip... Nyayo tupu kwenye vumbi. Mwisho wa njia kuna nyumba. Mpagazi anafika, mlango unafunguka, hatoki mtu. Mlango unafungwa. Mpagazi anageuka, anaanza upya.

Safari ya kwanza. Ya tano. Ya kumi na mbili.

"Huu utaisha lini?" Twalibu akafoka. Akafungua mgongo wa mchezo aone betri imebakiza nguvu gani.

Hamna betri.

Mna udongo mwekundu, mkavu, na unywele mmoja mweupe.

Mtu mwenye akili angekimbia. Twalibu alikuwa mhakiki. Akafunga kifuniko, akachukua kalamu kwa mkono wa pili, akaandika: "Mchezo hauna mwisho. Mpagazi anasumbuliwa bure, na mchezaji pia. Alama mbili." Hajaufikia mwisho, na kanuni yake mwenyewe ilimkataza kuhukumu kabla ya hapo. Lakini Ijumaa haingoji kanuni.

Akataka kuuweka mezani.

Mkono haukushuka. Vidole vilifunguka, mchezo ukabaki kiganjani kama ulioota. Kisha kitu kikamkalia begani. Kizito, kirefu, baridi kama jino. Kikamkunja palepale kwenye stuli.

Akatazama kioo.

Mpagazi alikuwa amesimama wima. Hana mzigo.

Twalibu akajaribu kila kitu fundi anachoweza kujaribu. Alisukuma kwa bisibisi, akapaka mafuta ya cherehani, akasoma Ayatul Kursi mara tatu, ya tatu kwa hasira. Wapi! Ndipo maneno ya bibi yakamrudia. Umesema mwenyewe? Hujatumwa? Akaelewa. Mzigo huu haushuki, unapokelewa. Lazima mtu aombe kwa kinywa chake.

Nje nyayo zikasikika. Eustace amefuata hukumu yake.

Twalibu akaifuta mbili haraka, akaandika kumi.

Eustace akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Kumi?"

"Kumi."

"Wewe? Uliyempa mpishi tatu? Fundi, nani kakuhonga?"

"Mchezo mzuri, bwana. Uombe tu, nakupa."

"Mbona umejikunja kama mtego wa panya?"

"Nimezama mchezoni."

"Hebu nieleze kwanza. Una nini cha kumi?"

Twalibu akaeleza: mpagazi, barabara, nyumba, mlango unaofunguka asitoke mtu. Kadiri alivyoeleza, Eustace alirudi nyuma. Hatua moja. Mbili.

"Babu yangu alikuwa na kisa hicho," akanong'ona. "Mpagazi aliyetoka Ujiji na pembe begani. Kafika hapa kwa tajiri wake, mlango umefunguliwa, ametazamwa, umefungwa. Hakuna aliyesema nikupokee. Alikufa amesimama. Babu alisema mzigo ule haukuonekana tena."

"Eustace, ndugu yangu..."

"Baki na kumi yako, bwana."

Akaondoka bila karatasi.

Twalibu alitamani kulia. Miaka mitatu ya kubana alama! Angekuwa mhakiki kama wengine, mgawa nane kama pipi za Maulidi, leo angeaminika. Siku moja tu ametaka kusifu, anaulizwa nani kamhonga.

Adhana ya magharibi ikalia. Giza likaingia dukani kutokea pembeni. Begani uzito ukaongezeka. Pumzi zikawa fupi.

Kisha akasikia kandambili. Pa... pa... pa...

Anazijua. Tatu.

Amechelewa kurudi, mkewe kamfuata. Na Tatu, kila jioni kwa miaka sita, akimwona na kitu mkononi ana neno moja tu.

Mwambie asiseme. Mwambie sasa.

Alikuwa na nafasi. Pumzi moja nzima.

Hakuitumia.

"Baba Maua, mbona gizani? Lete nikupokee."

Mchezo ukatoka kiganjani kama ganda la karanga. Bega likawa jepesi. Twalibu akanyooka, na utamu wa kunyooka kule ndio aliokuja kuuonea haya kuliko yote. Mbele yake Tatu alikuwa anakunjika taratibu, mkono mmoja unatafuta ukuta.

Akainua macho, akamtazama mumewe.

"Ulijua?"

Twalibu alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili. "Lete nikupokee, mke wangu. Nimesema mwenyewe."

Ukarudi.

Ndivyo wanavyoishi sasa. Mchana anaubeba yeye, magharibi anaupokea Tatu mlangoni, alfajiri anaupokea yeye. Hawagombani tena, wala hawacheki sana. Kwenye ubao wa klabu Eustace amebandika zamu za kufagia, na watu wanauliza fundi kapatwa na nini, mbona siku hizi hahukumu kitu. Anawajibu kwamba kuna mchezo mmoja hajaumaliza.

Wanawafungia wageni mlango. Maua hawamruhusu kukaribia kizingiti jioni.

Lakini adabu ikishaingia kwa mtoto haitoki. Jana Tatu alichelewa jikoni, ugali unataka kuungua. Twalibu akafika mlangoni amepinda, tip... tip... tip... Mlango ukafunguka kabla hajabisha.

Chini kabisa, vimikono viwili vilikuwa vimeshanyooshwa.

"Shikamoo, baba. Lete..."