Sashe Kichwani, Kitabu Mvuani

Jumamosi asubuhi Gentille alifagia ua, akachota maji, akaosha vyungu, kisha akaketi katikati ya magoti ya shangazi yake Charlotte ili asukwe nywele. Kesho yake angeongoza wimbo kanisani, na Charlotte alikuwa amemletea nyuzi mpya za kusukia.

"Usikunje shingo, weye!"

"Sasa nifanye namna gani, shangazi? Unanivuta mpaka macho inafunga."

Tate Anastasie, nyanya yake aliyemlea pale Nyakasanza, mtaa mmoja wa Bunia, alicheka huku akichambua maharage. "Vumilia, mama. Kesho wakikuangalia, utasahau."

Suko la mwisho lilikuwa halijafungwa wakati Madamu Angèle, mwalimu wa darasa la sita, alipobisha hodi. Uso wake ulikuwa umechoka.

Madamu alikuwa na shida. Kila mwanzo wa mwaka mwalimu huandika previsio, yaani mpango wa masomo yote, wiki kwa wiki. Hauandikwi kwa kubuni. Lazima ufuate programu ya taifa, kitabu cha serikali kinachosema kila darasa lifundishwe nini, ili mtoto wa Bunia na mtoto wa Kinshasa waingie katika mtihani mmoja wakiwa wamejifunza yaleyale. Programu ya shule yao ilibaki kabatini kijijini siku watu walipokimbia vita. Madamu alikuwa ameitafuta kila mahali. Mwenzake alimtumia picha kwa simu, lakini herufi hazikusomeka. Sokoni alipata moja, nayo ilikuwa ya zamani, na masomo mengi yalikwisha kubadilishwa. Mwishowe Direkta Kasereka, mkuu wa shule moja kule Ngezi, alikubali kumwazima ya kwao.

"Mutoto wangu iko na malaria, siwezi kumuacha," Madamu alimwambia Tate. "Nilikuwa naomba Gentille aniendee. Kati ya watoto wangu wote, ni yeye ninamuamini."

Gentille aliondoka akijisikia mrefu kuliko jana.

Alimkuta Direkta Kasereka ofisini. Direkta alikishika kile kitabu kwa mikono miwili, akakitia ndani ya sashe, mfuko mkubwa mweusi wa plastiki, akaufunga mwenyewe.

"Iko moja tu, mwanangu. Walimu wangu nao wanaingojea. Usiitoe mu sashe mpaka kwa Angèle. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Direkta."

Hakuwa amefika mbali mvua ilipoanza. Kwanza matone makubwa kwenye vumbi, halafu mvua yenyewe. Watu walikimbilia barazani mwa duka, wakajaa. Kulikuwa na nafasi ndogo kwenye kona, lakini Gentille aliona kungoja kutamchelewesha. Akagusa nywele zake. Wanawake waliokuwa wakipita njiani walikuwa na sashe kichwani, kama ilivyo desturi siku ya mvua. Yeye naye alikuwa na sashe mkononi.

"Kitabu kina jalada gumu," alijiambia. "Na si mbali."

Akakitoa kitabu, akakibana kwapani, akavaa sashe kichwani, akakimbia.

Alipofika nyumbani, nywele zilikuwa kavu kabisa. Kitabu kilikuwa kimevimba, maji yakichuruzika kutoka kwenye karatasi. Tate alikuwa jikoni, mbabula, jiko la makaa, ina moto, ugali bado haujasongwa. Gentille angeweza kwenda palepale, aseme, "Tate, ona." Hakwenda. Alikifunga kitabu kwa kitenge cha zamani, akakisukuma chini ya kitanda, nyuma ya gunia la maharage.

Kisha alikwenda kwa Madamu Angèle.

"Direkta hakukuwa, Madamu. Nilikuta mulango imefungwa."

Madamu aliketi taratibu kwenye kiti, mtoto wake mgonjwa akiwa begani. "Hakukuwa? Na aliniapia!" Akatikisa kichwa. "Kumbe yule muzee hashiki neno lake. Sitamusumbua tena. Asante, mwanangu. Weye ulijitahidi."

Neno lile "asante" lilimchoma Gentille kuliko kiboko. Jumapili aliimba, watu wakazisifu nywele zake, na yeye akatamani angezifumua palepale.

Inspekta, mkaguzi wa shule, alikuwa karibu kupita, kwa hiyo Madamu aliandika previsio yake kwa kufuata ile programu ya zamani. Darasa lilianza kurudia mambo ya nyuma.

"Madamu, hii tulimaliza darasa la tano!" alilalamika Plamedi, aliyekaa dawati moja na Gentille.

"Andika, Plamedi. Ndiyo iliyo mu kitabu."

Inspekta alipofika, alisoma kurasa chache tu, akavua miwani. "Madamu, hii programu haitumiki tena. Utaandika yote upya. Hawa watoto unawapeleka kwa mutihani gani?"

Darasa zima lilisikia. Madamu aliitikia "Ndiyo, Bwana Inspekta" kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi. Gentille alikuwa na nafasi ya kusema. Aliangalia dawati lake.

Siku chache baadaye mlango wa darasa uligongwa. Alikuwa Direkta Kasereka, suruali imejaa matope hadi magotini.

"Angèle, mbona kimya? Walimu wangu wanalilia kitabu."

"Kitabu gani, Bwana Direkta? Mutoto alikuta mulango imefungwa."

"Mulango? Mimi mwenyewe nilimupa. Nikamufungia na sashe."

Wote wawili wakageuka. Gentille akaanza kulia, kisha akaeleza yote mbele ya darasa: mvua, sashe kichwani, kitabu chini ya kitanda.

Nyumbani kwa Tate, kitenge kilipofunguliwa mbele ya Madamu na Direkta, harufu ya ukungu ilijaa chumba. Tate aliwasha mbabula, akaleta kisu chembamba, akaanza kuachanisha karatasi moja moja, akizipitisha juu ya joto. Za mwanzo zilifunguka. Za mwisho pia. Lakini zile za katikati, za darasa la sita, zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Tate alijaribu, akajaribu tena, akaweka kisu chini.

"Mvua naijua," alisema Direkta. "Kama ungerudi siku ileile, ningekasirika kidogo, tungekausha, ingeisha."

"Na mimi nilikuita mutu asiyeshika neno lake," Madamu Angèle alimwambia, macho chini. "Unisamehe, muzee."

"Hukunikosea weye," alijibu Direkta. Hakumtaja Gentille, na kule kutotajwa kulikuwa kuzito.

Madamu alianza kutafuta upya. Alimpata mwalimu mmoja wa Mbunya, Madamu Rebecca, aliyekuwa na kurasa zile, safi, ila naye hakutaka zitoke nyumbani kwake. Basi kila baada ya masomo Gentille alikwenda na mwalimu wake mpaka Mbunya, akanakili kwa mkono mstari kwa mstari, Madamu akisahihisha. Njiani Dany, mvulana wa darasa lao, alimngojea na wenzake.

"Ee Sashe! Leo mvua iko? Funika kichwa!"

Gentille aliongeza mwendo.

Kurasa zilipokamilika, Tate alizishona ndani ya kitabu kwa sindano na uzi mnene. Previsio iliandikwa upya, na inspekta akaikubali. Darasa la sita likaanza kubaki mchana ili kufidia masomo yaliyopotea. Plamedi alimsogezea Gentille nafasi kwenye dawati kama zamani, lakini hakumpa tena rula yake kwenda nayo nyumbani.

Siku walipomrudishia Direkta kitabu chake, walimkuta mwalimu mgeni ofisini, mtoto mgongoni, ametoka mbali. Naye alikuwa akitafuta programu.

"Hatuazimi tena," Direkta alimwambia, akionyesha benchi. "Kama unataka, kaa hapa usome."

Yule mama aliangalia mawingu, akamgusa mtoto wake, akasema asante, akatoka mikono mitupu. Gentille alimtazama mpaka alipopotea njiani.

Jioni ile Gentille aliketi karibu na mbabula, akifumua nywele suko kwa suko.

"Tate, ni sababu ya nywele."

"Hapana, mama," alisema Tate Anastasie. "Mvua ilikukuta njiani. Kuhusu sashe, ulifanya utoto, na mutoto anafundishwa. Ile siku moto ulikuwa hapa, na mimi nilikuwa hapa. Kitabu kilicholowa kinataka hewa; weye ulikifungia, kikaoza. Kosa nalo ni vilevile. Ukilileta bichi, watu watakusaidia kulikausha. Ukilificha, litaoza pamoja na jina la mutu mwingine."

Gentille akauliza, "Na Direkta ataanza tena kuazima?"

Tate alichochea makaa. "Karatasi nilishona, mwanangu. Ile nyingine, imani ya watu, utaishona weye, na itachukua siku nyingi."

Nje mvua ilianza kunyesha. Gentille aliinuka, akachukua sashe iliyotundikwa mlangoni, akaenda kufunika madaftari yake.