Kamba Mbili za Taghreed

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Taghreed alikaa sebuleni kwao Al Hail akaikagua fimbo ya dada yake. Buthaina alikichezea chuo chake lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu kichwani. Wavu ukikatika, Taghreed ndiye aliyeusuka upya. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alifundishwa kusuka ukili wa mikeka na bibi yake, Bibi Shaikha, mzaliwa wa Unguja, na bibi huyo hakuwa na subira na kazi iliyolegea.

Jumamosi ikafika fainali ya vyuo vya wasichana, katika uwanja mmoja wa Al Khuwair. Kabla ya mchezo, mwamuzi alitia mpira katika kila wavu na kuutazama kutoka ubavuni. Mpira ukizama chini ya ukingo, fimbo hukataliwa, kwa kuwa mpinzani hawezi tena kuupokonya kwa haki. Fimbo ya Buthaina ilipita.

Lakini shetani hachoki. Taghreed alijua kwamba dada yake hupokonywa mpira mara kwa mara. Buthaina alipokwenda kunywa maji, mdogo wake akalegeza kamba mbili. "Nnamsaidia tu," alijiambia.

Msaada ulionekana. Mpira ulikaa wavuni kama uliogundishwa. Kufika mapumziko, chuo chao kiliongoza saba kwa sita, na bao la saba tu ndilo lililokuwa la Buthaina. Watu walishangilia, ila Taghreed hakupiga hata kofi moja. Aliona aibu. Akamwendea dada yake.

"Dada, nimelegeza wavu wako baada ya ukaguzi."

Buthaina alimkazia macho. "Nani kakutuma?"

"Hapana mtu. Nilitaka mshinde."

"Huku si kushinda, Taghreed. Twende kwa mwamuzi."

Taghreed alieleza mwenyewe, machozi yakimtoka. Mwamuzi aliupima wavu, akalifuta bao la saba. Sasa ikawa sita kwa sita.

"Mwaka mzima tumefanya mazoezi," alisema Atheer, nahodha wa timu, "leo unatuponza kwa kamba mbili."

Taghreed aliketi chini mbele ya mwamuzi, akazikaza kamba mpaka mpira ukakaa juu ya ukingo.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu. Mara mbili Buthaina alipokonywa mpira, na mara mbili Taghreed alifumba macho. Zilipobaki sekunde ishirini, bado sita kwa sita, Atheer alimrushia Buthaina mpira. Aliudaka, akawapita mabeki wawili, akafunga.

Wapinzani wakataka fimbo ikaguliwe tena. Mwamuzi alitia mpira wavuni, akautazama, kisha akainua mkono. Bao lilikuwa halali, na muda ukaisha saba kwa sita.

Vigelegele vilipaa mpaka barabara kuu. Atheer alimvuta Taghreed katikati ya uwanja. "Fundi wetu mtukutu, njoo ushike kombe," alisema, naye akicheka.

Bibi Shaikha, aliyeutazama mchezo wote, aliwasubiri penye gari. Alimkumbatia mjukuu wake, furaha imemjaa.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," alisema. "Bao la hila limefutwa. Hili la pili wamelikagua mbele ya watu wote, na hapana wa kulifuta. Ukikosea, sema mapema, kisha tengeneza kwa mikono yako mwenyewe, kama ulivyofanya leo."