Milango Imefungwa

Ndugu zangu, lindeni vinywa vyenu, maana neno likishatamkwa hutafuta wa kulitii. Rafiki yangu Tokunaga aliendesha treni ile ya umeme, yenye rangi ya chungwa, tangu ujana wake hadi ilipoondolewa kwenye huduma. Siku treni hiyo ilipokuwa ikatwe vipande kuwa vyuma chakavu, aliingia ndani yake kuchukua kibao cha namba, kiwe ukumbusho. Banda ilimowekwa lilikuwa na giza, na nyaya za umeme zilikwisha kung'olewa. Alipofika chumba cha dereva, mazoea yakamshinda: akanyoosha kidole, akatamka kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kuondoka, "Milango imefungwa."

Milango yote ikajifunga.

"Mzee wangu, acha utani," alisema Hirose, fundi wa kukata vyuma, nje ya kioo. "Au nikukate pamoja nayo?"

"Sijagusa kitu, mwanangu. Nifungulie."

Hirose akavuta mlango kwa nguvu zake zote, nao haukutikisika. Tokunaga, maskini, akamlilia Mungu. Ndipo kutoka chumba cha kondakta, katika behewa la mwisho lisilokuwa na mtu, ikalia kengele ya kumruhusu dereva aondoke. Treni haikusogea; Hirose alikuwa bado amesimama palepale, kiganja kwenye kioo. Lakini ndani, vishikio vyote vya abiria vinavyoning'inia darini vikaegemea nyuma kwa pamoja, taratibu, kama treni inapoanza kwenda.