Mwizi Aliyewaacha Samaki wa Udongo

Mwanamke ambaye Inspekta Mwaka hakuwahi kumwona aliingia kituo cha polisi cha Nchelenge bila kubisha, sketi yake ikichuruzika maji ya ziwa.

"Baliniibia muchezo yangu, Shefu."

"Keti, bamayo," Mwaka alisema, akimwita mama kwa Kibemba. "Mchezo gani?"

Aliitwa Noëlla, Mkongomani aliyehamia kisiwa cha Kilwa, ndani ya Ziwa Mweru upande wa Zambia. Alikuwa amebuni mchezo wa ubaoni, Funga Ziwa. Wachezaji hutega nyavu, na ikifika miezi ya marufuku ya uvuvi, kila mmoja huziinua na kuishi kwa akiba yake. Kesho yake alikuwa apande basi la Lusaka, akasajili alama ya biashara na kupeleka maboksi ya kwanza madukani. Alipokuwa kanisani, mtu alimwibia ubao na muhuri wa mbao wenye alama hiyo.

"Mutu akinitangulia ku biro ya Lusaka, jina itakuwa yake."

"Mbona hukuomba hataza mapema, ile hati ya kulinda uvumbuzi?"

"Hataza ni ya batajiri. Tena kanuni za muchezo hazipewi hataza, niliuliza. Jina na alama, ile naweza kulipa. Kanuni niliziandika na tarehe. Na kila mutu mwenye alicheza, aliapa mbele ya pasta kama atanyamaza."

Mwaka aliweka kalamu chini. Alikuwa amewaona wenye makampuni wasiojilinda hata nusu ya hivyo.

Walivuka ziwa pamoja hadi nyumbani kwake Kilwa. Kufuli halikuvunjwa, ufunguo ulikaa chini ya chungu, na majirani wote walijua. Rafuni simu ilikuwepo. Kitambaa chenye kanuni kilikuwepo. Samaki wa udongo, ambao Noëlla aliwafinyanga mwenyewe kuwa kete, walikuwepo wote. Ukingoni mwa rafu palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Mwaka aliipiga picha, akainusa. Lami.

"Unamshuku nani?"

"Willy. Alitaka kununua muchezo, nikakatala."

Willy, mchuuzi kutoka mji wa Kashikishi, alikuwa ufukweni mwa kisiwa akipakia samaki wakavu.

"Mimi niibe ubao?" alisema. "Shefu, ubao nitachonga hata mu mulango ya choo. Kama ni mimi, ningebeba kanuni."

Mwaka alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwizi wa mchezo angechukua mchezo. Huyu alichukua mbao zilizochongwa tu.

"Nani alikuchongea, bamayo?"

"Papa Fabien, fundi wa mitumbwi. Lakini ule ni kama baba yangu."

Fabien alikuwa akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na lami. Mwaka alimwomba mkono. Mistari ya kidole gumba, pamoja na kovu lililoikata, ililingana na picha.

"Ubao uko wapi, mzee?"

Fabien aliingiza mkono chini ya mtumbwi, akautoa pamoja na muhuri. Vilikuwa vimefungwa kwa shati lake zuri.

"Juu ya nini ulifanya hivi, papa?" Noëlla aliuliza.

"Uliniahidi jina yangu itakuwa ku boksi. Nikachonga muhuri, haiko. Nikaona boksi zenye zilitoka kuchapwa, haiko. Sikutaka kuuza, mwanangu. Nilitaka usiende bila mimi."

Noëlla aliinamisha kichwa. "Muhuri ni ya alama tu. Lakini boksi, papa... nilisahau."

Alimgeukia Mwaka. "Sitamushitaki, Shefu."

Mwaka alimpa mzee onyo kali, kwa sauti isiyo kali.

"Panda basi," alimwambia Noëlla. "Jina lake utaliweka safari ijayo."

"Hapana. Hizi boksi za kwanza ndiyo nilimuahidi."

Asubuhi basi la Lusaka liliondoka Nchelenge, na kiti alichokwisha kulipia Noëlla kikabaki kitupu. Mchana mtumbwi kutoka Kilwa ulitia nanga. Noëlla alishuka na maboksi yake, vidole vyeusi kwa wino, akaenda kuomba nafasi juu ya magunia ya lori la samaki.

Mwaka alimsaidia kupandisha. Kila boksi aliloshika lilikuwa na mstari mpya, umegongwa kwa mkono, mwingine umepinda: *Ubao ulichongwa na Fabien wa Kilwa.*