Tovuti ya Foleni ya Zahanati

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku alipitia zahanati ambako shangazi yake alikuwa muuguzi. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini akishakaa mbele ya kompyuta ya mapokezi, alitulia kama maji mtungini. Alikuwa akitengeneza tovuti ya foleni, ili wagonjwa waone zamu zao kwenye simu badala ya kubanana kwenye mabenchi.

Mwalimu wake wa kompyuta alimshauri atumie kiunzi, yaani mifupa ya tovuti iliyokwisha kuandaliwa na mafundi wengine. Chiriku akakataa katakata. Alitaka kuandika kila mstari mwenyewe.

"Haya, andika," mwalimu alisema. "Ila uijaribu na watu wengi kabla ya kuifungua."

Chiriku aliijaribu kwa simu moja tu, ya shangazi. Ikafanya kazi, naye akavimba kichwa.

Siku ya kliniki ya watoto, kina mama walifurika, wote wakafungua tovuti. Haikuchukua muda kompyuta ikazidiwa, na namba zikaganda kwenye simu. Mama mmoja alikuwa amekaa nje kwenye upepo na mtoto mwenye homa. Alisubiri na kusubiri, kumbe zamu yake imeshapita. Alipoingia, mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

"Jamani, bado sijafikiwa?" aliuliza.

"Ni mtandao, mama," Chiriku alijibu upesi. "Leo unasumbua."

"Hapana, mwanangu, ni hii simu yangu kuukuu. Nisamehe kwa usumbufu."

Chiriku aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Aliyekosewa ndiye anayeomba radhi!

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "si mtandao, wala si simu ya mama. Ni kazi yangu. Sikuijaribu kama nilivyoambiwa."

Shangazi alikuwa ameshampokea mtoto, anampima joto. "Asante kwa kusema, mwanangu. Sasa nenda kaite namba kwa mdomo. Huo hauzidiwi!"

Hata yule mama alicheka. Chiriku aliita namba mpaka mgonjwa wa mwisho.

Kesho yake alikaa na mwalimu, wakapitia mistari yote. Kosa likaonekana: kila simu ilikuwa ikiiuliza kompyuta kila sekunde kama zamu imefika.

"Ala!" shangazi alishangaa alipoelezwa. "Wagonjwa wote wakigonga dirisha langu bila kupumzika, sindano nitachoma saa ngapi?"

Chiriku akaandika upya sehemu ile. Sasa simu zilisubiri kidogo kabla ya kuuliza tena, na kompyuta iliandaa jibu moja la wote. Safari hii aliwaomba wanafunzi wenzake na majirani waifungue kwa pamoja. Namba hazikuganda.

Kliniki iliyofuata, yule mama alirudi, mtoto akiwa mzima na mchangamfu. Alikaa tena nje, na zamu yake ilipofika, aliingia mwenyewe bila kuitwa.

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema taratibu. "Kuandika kwa mkono wako ni jambo zuri, na kukosea ni kawaida. Lakini ungeendelea kuusingizia mtandao, nani angetafuta kosa? Mama huyu angekuwa bado anasubiri nje, anailaumu simu yake."